Mtaka Uzuri Hudhurika: Je, Mtoa Uzuri?

Wahenga walinena kuwa mtaka uzuri hudhurika. Tunapoifafanua methali hii darasani, humtazama anayeutafuta uzuri. Mimi nimelelewa na anayeutoa. Dada yangu ni msusi mjini Nakuru, na karo ya shahada yangu ya kwanza ilitoka kwenye vidole vyake. Vidole hivyo leo vimepasukapasuka.

Mteja aingiapo saluni husema, "Niweke dawa," naye msusi huichota kwa mkono mtupu. Neno dawa katika lugha yetu hubeba uponyaji na sumu: ipo dawa ya kikohozi, ipo ya panya. Kwenye mashamba ya maua ya Naivasha, mnyunyizaji dawa huvaa glavu na barakoa kwa kuwa maana ya pili inafahamika. Saluni, maana ya kwanza imeifunika ya pili. Ilhali baadhi ya dawa za kulainisha nywele zina hidroksidi ya sodiamu, ambayo huchoma ngozi. Baadhi ya zile za kunyoosha hutoa formaldihaidi zinapopashwa moto, gesi ambayo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliamua mwaka 2004 kuwa husababisha saratani kwa binadamu. Mteja huivuta mara mojamoja. Msusi huivuta kutwa kucha.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 humtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Nilipomweleza dada, aliniuliza: "Mdogo wangu, mwajiri wangu mimi ni nani? Mimi nimekodi kiti tu."

Jibu limo katika sheria iyo hiyo, kwani humwajibisha pia msimamizi wa mahali pa kazi, na hata aliyejiajiri. Hata hivyo, sheria hiyo imeandikwa kwa Kiingereza, sawa na maonyo mengi yaliyo kwenye mikebe ya dawa.

Wanakiswahili wenzangu, hapa ndipo kazi yetu ilipo. Tumebishana sana kuhusu istilahi za isimu. Msusi anahitaji istilahi zitakazomlinda. Nimeanza kutafsiri vifungu vichache katika ukurasa mmoja wa kubandikwa kando ya kioo. Dada ameusoma, akafuta neno "kemikali" na kuandika "sumu". Sikulirudisha.