Dereva Bora Akae Gari la Nyuma

Mimi ni mtu wa Korogwe, na kazi ya magari niliianza nikiwa utingo. Ninachokuja kushuhudia hapa kinahusu kiti kimoja tu: kiti cha usukani cha gari lililokufa, linalovutwa na gari jingine kwa kamba. Nimekikalia kiti hicho tangu ujana, na kwa miaka mingi niliamini ni kiti cha mtu asiye na thamani. Leo siamini hivyo tena. Aliyenigeuza ni mzee mmoja mzaliwa wa Unguja, aliyehamia Ghuba baada ya Mapinduzi ya 1964 na kuzeekea hapa Dubai kwenye magari. Vijana wote wa karakana tunamwita Ami, na jina hilo linatosha.

Anayeijua barabara ya Mombo kwenda Lushoto atanielewa haraka. Inapanda Usambara kwa kona zilizobanana, ukuta wa mwamba upande huu, korongo upande ule. Enzi zetu Land Rover ndizo zilizokuwa zikiitawala. Ikifa moja huko juu, inaletwa mwenzake, zinafungwa kamba, na kamba ilikuwa ya katani, maana Korogwe katani haikuwa kitu cha kutafutwa. Kisha madereva wote wawili wanapanda gari zima, wanawasha sigara, wananitazama mimi. "Kaa humo, we shika breki tu." Basi nashuka na Land Rover bovu kutoka Soni hadi Mombo, mikono inatetemeka, na tukifika chini wao ndio wanaopewa pole ya safari.

Lazima niseme ukweli kuhusu zile Land Rover: zilikuwa na huruma. Nyingi hazikuwa na kifaa cha kuongeza nguvu ya breki wala usukani wa kusaidiwa na mafuta, kwa hiyo injini ikiwaka au ikizimwa, pedali ilikuwa ileile ngumu na usukani uleule mzito. Kile kirungu chekundu cha gia ndogo ukikiweka katikati, magurudumu yanazunguka bila kuligusa giaboksi. Ndiyo maana hata mtoto aliweza kukalishwa humo na gari likafika. Nadhani desturi yetu ya kumdharau anayekaa nyuma ilizaliwa hapo. Magari yalibadilika, desturi ikabaki palepale.

Dubai nilikuja kufanya kazi ya spea na ufundi. Mwisho wa wiki, hasa miezi ya baridi, watu wa mji huu hukimbilia jangwani kama watu wa Dar wanavyokimbilia Kigamboni. Ukifuata barabara ya Hatta unaufikia mchanga mwekundu wa Lahbab, na mbele zaidi lile tuta kubwa la Badayer linaloitwa Big Red. Kila Jumamosi kuna Land Cruiser na Nissan Patrol zimezama hadi kwenye difu, na kila mahali kuna kijana mwenye gari zima na kamba mkononi, anatamani kuonyesha ubavu wa injini yake. Ami alikuwa akinichukua huko kwa sababu, kwa maneno yake, fundi asiyejua gari linavyoteseka ni muuza spea tu.

Kitu cha kwanza alichonikataza ni kamba yenyewe. "Kamba ya mwisho, mwanangu. Kwanza beleshi na upepo." Tairi la kawaida la barabarani lina upepo wa psi 35 hivi. Mchangani unaushusha hadi 15 au karibu na hapo, tairi linalala, unyayo wake unarefuka, na uzito uleule unasambaa juu ya mchanga mwingi zaidi. Unachimba mbele ya magurudumu na chini ya tumbo la gari mpaka chuma kisiwe kimelala juu ya mchanga. Magari mengi hutoka yenyewe kwa hayo mawili, na mwenye kamba anaondoka amenuna. Tairi likishashuka hivyo, usikate kona kwa kasi, litatoka kwenye rimu. Na kabla ya kurudi lami unalijaza tena.

Kama bado halitoki, ndipo inapokuja kamba, na hapo Ami alinifundisha kwamba zipo za namna mbili na hazibadilishani kazi. Ya mchangani ni ya nailoni, inanyumbuka. Gari la mbele linaondoka, kamba inarefuka, inahifadhi nguvu, kisha inalitoa gari lililozama taratibu bila kishindo. Ya barabarani ni ya poliesta, hainyumbuki sana. Ukiitumia ile ya kunyumbuka barabarani, gari la nyuma litakuwa linakurukia mgongoni kila unapopunguza mwendo. Mnyororo na waya wa chuma havinyumbuki kabisa, kwa hiyo kishindo chote kinaishia kwenye chesi au kwenye ndoano. Na kishindo hicho hakiongezeki kwa hesabu ya dukani: mwendo ukizidishwa mara mbili, nishati inayopiga kamba inakuwa mara nne. Land Cruiser mbili za kizazi cha 200, kila moja tani mbili na nusu na zaidi hata kabla ya abiria, zikishtuana kwa mwendo wa kukimbia, kuna kitu lazima kitoe roho.

Kitu hicho mara nyingi ni mahali pa kufungia. Lile tufe la chuma la nyuma ya gari, la kuvutia tela, halikuundwa kwa mshtuko wa namna hii. Likikatika linaruka pamoja na kamba kama risasi, na Australia, ambako watu wanapenda jangwa kama hapa, limeshaua watu. Tundu nyingine zinazodanganya ni zile za chini ya gari ambazo hutumika kulifunga lisiyumbe melini. Magari yaliyopita Jebel Ali kwenda Mombasa na Dar yamefungwa kwa tundu hizo, kwa hiyo mtu akiinama na kuziona anadhani ni za kuvutia. Zinashikilia gari lililosimama, basi. Za kuvutia zimefungwa kwenye chesi kwa bolti nene, na kitabu cha gari kinazionyesha. Kamba ikishafungwa, tupa blanketi zito au koti katikati yake ili ikikatika isiruke mbali, na watazamaji wote warudi nyuma, mbali kuliko urefu wa kamba yenyewe. Wenye simu za kurekodi video ndio wabishi kuliko wote.

Hayo yote niliyapokea kama elimu ya kazi. Yalinifaa, hayakunigeuza. Kilichonigeuza kilikuja na mvua.

Tarehe 16 Aprili 2024, karibu wiki moja baada ya Idi, ilinyesha mvua ambayo nchi hii haijawahi kuipima tangu kumbukumbu zianze kuwekwa mwaka 1949. Khatm Al Shakla, upande wa Al Ain, zilipimwa milimita 254 katika muda usiofika saa ishirini na nne. Hapa Dubai barabara ya Sheikh Zayed ilikuwa na vipande vilivyogeuka bwawa, uwanja wa ndege ukayumba, magari yakaelea na wenyewe wakayaacha. Wenye magari marefu walitoka kwa hiari yao kuwaokoa watu na kuvuta magari. Nasi tulitoka, Ami na mimi, na Land Cruiser yake.

Nyuma ya Al Quoz tulikuta Patrol imezimikia majini. Mwenyewe, bwana mwenye haraka, alitaka tuivute huku yeye akijaribu kuiwasha. Ami alimkatalia palepale. Injini iliyomeza maji haiwashwi. Maji hayakandamiziki kama hewa, pistoni ikipanda ikayakuta, fimbo yake inapinda na injini imekwenda. Basi yule bwana akasema yeye atapanda nasi mbele, na dereva wake, kijana wa Kiafrika aliyeloa chapachapa, akae kwenye Patrol. Moyoni nilijiona mimi mwenyewe pale Soni.

Ami akauliza, kwa Kiarabu kisha kwa Kiswahili ili nami nisikie: "Nani hapa anajua kuendesha zaidi?" Hakuna aliyejibu. Akanitupia ufunguo wa gari lake, gari ambalo hata watoto wake hawalipati bila maswali, akakunja kanzu yake nyeupe hadi magotini, akaingia kwenye Patrol na kukaa juu ya kiti kilichojaa maji. "Mimi nakaa nyuma. Wewe nenda polepole, usinivute, niongoze tu. Breki ni yangu."

Hapo ndipo nilipoelewa. Katika magari ya siku hizi, injini ikizimwa unabaki na mikanyago miwili mitatu ya breki yenye msaada, baada ya hapo pedali inakuwa jiwe na inahitaji mguu mzima. Usukani unakuwa mzito kama wa lori. Swichi ikirudishwa mwisho, usukani unajifunga, kwa hiyo ufunguo hautoki mahali pake. Na yule wa nyuma ndiye anayefunga breki kwa magari yote mawili: mimi wa mbele nikitaka kusimama naachia mafuta tu na kumulika taa, yeye anakanyaga, kamba inabaki imenyooka, tunasimama pamoja. Asipofanya hivyo, tani zaidi ya mbili na nusu zinakuja kunigonga, au kamba inalegea, tairi lake linaipanda, kisha inashtuka na kukatika. Kwenye kona ananifuata kwa nje kidogo, maana kamba inamvuta ndani. Mtelemkoni yeye ndiye anayetushikilia sote. Kazi yangu mimi ilikuwa kuondoka kwa gia ndogo mpaka kamba ikaze, kutozidi mwendo wa baiskeli, na kutazama kioo.

Tuliivuta mpaka kwenye lami kavu, karibu tu, tukaiacha ingojee gari la kubebea, ambalo hapa kila mtu analiita rikavari. Ami hakukubali kwenda mbele zaidi. Magari mengi ya otomatiki yanapovutwa injini imezimwa, pampu inayosukuma mafuta ya giaboksi imelala, vyuma vinazunguka vikavu vinaungua. Yale yanayovuta kwa magurudumu yote wakati wote ni mabaya zaidi: hata ukiinua ekseli moja, nyingine inaendelea kuzungusha mashine ya katikati na kuiharibu. Kama gia ndogo ina nafasi ya katikati kama Land Cruiser za kizazi cha 70, iweke hapo. Kama haina, gari libebwe zima.

Tangu mvua ile sijawahi kumkalisha kijana kwenye gari bovu. Nakaa mwenyewe. Na nimeacha kuona aibu nikikumbuka Usambara. Naona badala yake kwamba wale madereva wawili waliokuwa wakivuta sigara mbele waliyakabidhi maisha yao kwa mtoto, na hawakujua.

Nanyi mlio na magari huko Korogwe, Voi, Kampala au Bukavu, nawaomba hivi. Gari lako likifa, panda wewe mwenye leseni na uzoefu, kaa nyuma, na mkubaliane ishara za honi na taa kabla ya kuondoka. Utingo kama anaweza kuendesha, mpe gari zima; kama hawezi, mwache pembeni na kitambaa chekundu awaonye wanaokuja. Njia ikiwa ndefu au ya mlima, na gari ni la otomatiki, lipia la kubebea. Hapa Dubai ukiwa katikati ya barabara kubwa hata usishuke na kamba: washa taa zote za tahadhari, wasogeze watu nje ya njia, piga 999. Na unayekuja kununua gari Ras Al Khor, kabla halijapelekwa bandarini fungua nyuma uangalie kama ndoano yake ya kuvutia bado imo kwenye mfuko wa jeki. Magari mengi yaliyotumika huuzwa bila hiyo.