Je, Tyson Alikuzwa Mno?

Wapo wazee wenzangu wanaoshikilia kuwa Mike Tyson alisifiwa kupita kiasi hata alipokuwa katika ubora wake. Husema kuwa aliwapiga wazee na waoga, na alipokutana na mwanamume asiyemwogopa, James Douglas, mjini Tokyo tarehe 11 Februari 1990, alilazwa katika raundi ya 10. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Larry Holmes, ambaye Tyson alimwangusha Januari 1988, alikuwa na umri wa miaka 38, naye hakuwa amepigana kwa karibu miaka miwili.

Lakini mizani ina pande mbili. Novemba 1986 Tyson, kijana wa miaka 20, alimshinda Trevor Berbick katika raundi ya pili, akawa bingwa wa dunia wa uzito wa juu mwenye umri mdogo kuliko wote waliomtangulia. Agosti 1987 alimshinda kwa pointi Tony Tucker, ambaye hakuwa ameshindwa hata mara moja. Juni 1988 Michael Spinks, naye hajawahi kushindwa, alidumu sekunde 91 tu. Husemwa kuwa Spinks alishindwa na hofu kabla ya kengele. Sawa, lakini hofu hiyo ilitoka wapi kama si katika kazi ya mikono ya Tyson mwenyewe?

Katika miaka yangu ya ualimu nilisikia maneno ya namna hii kila kijana aliyeng'ara shuleni alipoharibikiwa ukubwani. "Kumbe hakuwa na akili," walisema. Mimi niliwaonyesha daftari la alama. Alama iliyopatikana kwa haki haifutwi na ulevi wa baadaye. Kuifuta ni kumdhulumu aliyeipata, na ni kuwanyima wadogo zake somo kwamba kipaji kisipolindwa hupotea.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Tyson. Mlezi wake, Cus D'Amato, alifariki Novemba 1985, kabla ya ubingwa. Mwalimu wake, Kevin Rooney, aliachishwa kazi mwaka 1988. Wasifiaji ndio waliobaki wengi, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Kwa hiyo naamua hivi. Anayemwita bora kuliko mabondia wote anamkuza mno, maana bingwa wa daraja hilo hupimwa pia siku anapoangushwa, akainuka, akashinda. Holmes huyo huyo alifanya hivyo mbele ya Earnie Shavers mwaka 1979. Tyson hakufanya kamwe. Lakini anayesema kuwa kati ya 1986 na 1988 hapakutokea bondia wa uzito wa juu aliyeweza kumzuia, huyo anasema kweli, na kilichotokea Tokyo hakiugeuzi ukweli huo kuwa uongo.