Mlango Ulioning'inia

Nilipoingia kazini katika gereji moja ya Ngamiani, mjini Tanga, mwaka 1959, nilikuwa kijana wa miaka 17 niliyejua kutofautisha spana na bisibisi, na kwa hayo nikajiona nimekwisha kuwa fundi. Bwana aliyenipokea, ambaye sote tulimwita Maalim ijapokuwa hakupata kusomesha chuo hata siku moja, alikuwa ameanza maisha yake Pangani kwa useremala wa milango, ile ya mbao nzito yenye mfaa katikati, kabla magari hayajamvuta. Walikuwapo waliomcheka kwa asili yake hiyo. Walakini mimi nilikuja kuyakinisha kwamba sijapata kumwona mtu aliyefahamu mlango, uwe wa nyumba au wa motokaa, kama alivyoufahamu yeye.

Zama zile mashamba ya mkonge yalituletea Land Rover kwa wingi, gari ambazo, kwa kuwa zilizaliwa mwaka 1948, ilhali chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, zilivikwa alumini kwa nje. Alumini haishiki kutu, bali ikigusana na chuma katika hewa ya chumvi kama yetu hutoa unga mweupe na kuliwa taratibu, na aghalabu huliwa pale pale penye mlango, ambao kwa nje ni alumini na mifupa yake ni chuma.

Mwaka 1961 nilikabidhiwa gari moja ya namna hiyo ambayo mlango wake wa dereva haukukubali kufungika ila kwa kuinuliwa na kubamizwa. Nikatazama, nikaona ulimi wa kitasa unagota chini ya kile kipande cha chuma kilichoko nguzoni ambacho hupasa kuupokea. Basi nikakilegeza, nikakishusha kadiri ya upana wa ukucha, nikakikaza. Mlango ukafunga. Nikapokea ahsante ya dereva, mzee wa makamo mwenye heshima zake, na wala sikumweleza Maalim nilivyofanya. Haukupita mwezi, mlango ule ukafunguka wenyewe kwenye kona karibu na Pongwe, na kapu la machungwa ya Muheza likamwagika barabarani. Hakuumia mtu, alhamdulillahi. Lakini natahayari hata leo nikiyakumbuka.

Maalim hakunigombeza. Aliufungua mlango nusu, akaushika kwa ncha ya upande wa kitasa, akauinua kwa vidole viwili, akaniambia, "Mwanangu, tazama bawaba, usinitazame mimi." Nikaona pini ya bawaba ya juu ikicheza ndani ya tundu lake, tundu ambalo lilikuwa duara na sasa limekuwa umbo la yai. Akanifahamisha kwamba mlango wa Pangani husimama juu ya kizingiti chake kwa ncha ya mti iliyotiwa tunduni, hata uzito wake wote huchukuliwa na nyumba; ama mlango wa gari haukusimama popote, bali umening'inia kama mtu aliyebeba ndoo kwa mkono ulionyooshwa, bawaba ya juu ikivutwa nje na ya chini ikisukumwa ndani. Fauka ya hayo, Land Rover imeinuka juu, na kila dereva akipanda huushika mlango ule ule ili ajivute.

Tulizungushia bawaba alama kwa ncha ya msumari, tukaukalisha mlango juu ya jeki lililowekewa ubao na gunia, tukazilowesha pini kwa mafuta ya taa usiku kucha, kwani pini iliyoshikwa na kutu ikipigwa kwa pupa hupasua bawaba. Asubuhi zikatoka. Tukayapanua matundu hata yakawa duara tena, na mkerezaji mmoja akatukerezea pini nene zaidi kwa 1/32 ya inchi, jambo ambalo Maalim alilipima mara tatu kwa kuwa, alisema, pini inayoingia kwa wepesi siku ya kwanza imekwisha kuwa mbovu. Tukakwangua ule unga mweupe, tukatia grisi, tukakaza. Kisha akanikataza kugusa kitasa mpaka mwanya uwe sawa juu, chini na ubavuni. Na ulipokuwa sawa, kile kipande nilichokishusha kikarudi mahali pake pa zamani, ambapo rangi ya gari ilikuwa bado imehifadhi kivuli chake, nami sikukiona mara ya kwanza.

Dereva alipokuja jioni, alipanda, akaushika mlango na kuuinua kidogo huku akiuvuta, kwa mazoea ya miezi mingi, nao ukagota juu ukakataa kufunga. Akanigeukia kwa jicho ambalo nililistahili. Maalim akajongea dirishani, akamwambia kwa upole, "Ndugu yangu, usiubebe tena. Uachie."

Akauachia, ukafunga.