Usafi wa Moyo Kabla ya Kufungua Duka

Dada zangu, hapa Oloipiri naishi kwa cherehani. Nguo ikichafuka naifua, moyo je? Mteja mmoja alichukua sare za watoto wake, malipo mpaka leo sijayaona. Kila nikikanyaga cherehani nilikuwa nagombana naye kichwani, na usiku hivyo hivyo.

Mama wa Kihindu ninayenunua kwake vitambaa Arusha alinieleza njia yao. Usafi wanauita shaucha: wa mwili, kisha wa nia. Alfajiri, baada ya kuoga, anakaa kimya na mala, uzi wa shanga 108, akilitaja jina la Mungu kwa kila ushanga. Ule mkubwa wa mwisho, uitwao meru, haurukwi. Akiufikia anaigeuza mala na kuanza upya. Mawazo yakitoroka hapigani nayo, analirudia jina tu.

Dini yangu sijabadili, tasbihi ninayo. Nilichochukua kwake ni utulivu huo kabla sijafungua duka. Deni nalidai, na nitaendelea kulidai. Ila sasa nalidai kwa mdomo, mara moja kwa wiki, si moyoni kutwa kucha.

Na wewe dada, ni deni gani linalokunyima usingizi?