Mdomo Unawaka Moto, na Pilipili Sijala

Mwenzenu nimeishi miezi minane na mdomo unaowaka kama nimetafuna pilipili kichaa. Asubuhi naamka afadhali. Mchana ncha ya ulimi inaanza kuchoma, ikifika jioni ni midomo na kaakaa pia, na mate yana ladha ya chuma. Ukinichungulia mdomoni huoni kitu: hakuna kidonda wala utando.

Hapo ndipo balaa lilipoingia ndani ya nyumba. Jioni ndiyo saa mume wangu anarudi kazini, na ndiyo saa mimi sitaki hata busu. Alivumilia weee, mwisho akauliza, "Mama Junior, kuna mtu mwingine?" Swali hilo liliniuma kuliko ule moto. Sikubishana naye. Nilimwambia, "Kesho twende wote kwa daktari."

Daktari alitueleza kwamba mdomo unaweza kuwaka kwa sababu ya upungufu wa madini ya chuma au vitamini B12, fangasi, kisukari, mdomo kuwa mkavu, hata baadhi ya dawa za presha. Vipimo vyote vikiwa safi, huenda shida iko kwenye mishipa ya fahamu inayobeba maumivu na ladha. Aina hiyo huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi, na ina dawa zake za kuipunguza makali. Haiambukizi. Aliposikia hivyo, mume wangu alishusha pumzi.

Kwangu mimi, damu ilionyesha chuma kimepungua sana. Naendelea na vidonge. Moto umepoa, ingawa haujazimika. Ukizidi namung'unya kipande cha barafu, au natafuna bigijii isiyo na sukari. Ndimu, nyanya, pilipili na pombe nimeviweka kando, pamoja na dawa ya kusukutua yenye spiriti. Hata dawa ya mswaki nimechagua isiyo kali.

Jamani, maumivu yasiyoonekana ndiyo yanayovunja nyumba za watu. Kama mdomo wako unawaka wiki kadhaa, nenda kapimwe, na mwenzi wako nenda naye, ayasikie mwenyewe kwa daktari. Siku hizi wangu akifika mlangoni ananiuliza, "Leo moto uko juu au chini?" Nikimjibu uko juu, ananishika mkono, tunakaa hivyo hivyo kuangalia taarifa ya habari. Na mapenzi yapo palepale.