Vichwa vya Moshi Vilivyotoka Manchester

Mnaofikiria mahali pa kuwatembeza watoto kiangazi, wapelekeni Caernarfon, kaskazini mwa Wales, mkapande garimoshi la mvuke hadi Porthmadog. Ni mwendo wa kilomita 40 hivi, juu ya reli nyembamba ambayo upana wake haufiki sentimita 60. Nauli si haba, na chakula ni heri mkichukue nyumbani.

Tulikwenda wazee watatu pamoja na wajukuu wetu. Njia hupanda taratibu kandokando ya mlima Snowdon, ambao wenyeji huuita Yr Wyddfa, kisha huteremka kuelekea Beddgelert kwa kujipinda mithili ya nyoka, hata aliyeketi behewa la nyuma hukiona kichwa cha garimoshi kikitweta ng'ambo ya pili. Baada ya hapo ni korongo la Aberglaslyn.

Reli hii ilikuwa imekufa. Abiria wa mwisho walisafiri mwaka 1936, na wakati wa vita vyuma viling'olewa. Ujenzi mpya ulianza 1997 ukakamilika 2011, na wengi walioshika sururu walikuwa watu wa kujitolea, wasiolipwa hata senti.

Lakini kilichotugusa zaidi ni vile vichwa vyenyewe, aina ya Garratt: bwela katikati, injini moja mbele na nyingine nyuma, kila moja ikigeuka peke yake penye kona, na uzito ukagawanyika juu ya reli dhaifu. Kimojawapo, namba 143, kilijengwa Gorton, Manchester, mwaka 1958, kikatumika Afrika Kusini kabla ya kurudishwa.

Karakana hiyo hiyo ya Beyer Peacock ndiyo iliyotujengea sisi, mwaka 1955 na 1956, Garratt 34 za daraja la 59, zenye uzito wa tani 250 hivi kila moja. Zilivuta mizigo kutoka Mombasa hadi Nairobi, na kila moja ilibeba jina la mlima wa Afrika Mashariki. Zimesalia mbili, Mount Gelai na Mount Shengena. Gelai imo katika Makumbusho ya Reli, Nairobi. Milima yote miwili iko Tanzania. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 majina hayakudaiwa pasipoti.

Mjukuu mmoja alituuliza kama kwetu nako kulikuwa na “magarimoshi ya Kizungu”. Tulimweleza kwamba walioyaendesha, waliochochea moto na waliolala karakanani wakiyatengeneza walikuwa babu zake. Wamo miongoni mwetu humu ugenini wazee walioifanya kazi hiyo, na hakuna aliyewaandika. Waketisheni, muwaulize, mkiwa na kalamu mkononi, maana wanapungua.

Ulizeni ratiba kabla ya kufunga safari, kwani wakati wa baridi magarimoshi ni machache. Mkitokea Caernarfon, ketini upande wa kulia. Ndiko uliko mto wa Aberglaslyn.