Si kimeo

Mlioniuliza mbona nimekuwa kimya tangu Mfungo Tatu, sababu ni mwanangu.

Mnanijua, mimi wa Kilindoni nimeolewa Bungu, pale barabara ya Nyamisati inapochepuka kutoka barabara kuu ya kwenda Kilwa. Mwanangu alizaliwa njiti, na siku zake za mwanzo alipumua kwa mashine, mrija umepitishwa mdomoni hadi kooni. Akapona, tukarudi nyumbani. Alipofika miezi minne akaanza kupumua kwa mlio, kama mtu anavuta hewa kwenye kikonyo cha jani la mpapai. Akinyonya huacha, akahema, ndipo arudi. Kila akivuta pumzi, pale chini ya koo panabonyea na mbavu zinajichora. Mara mbili nilipewa dawa ya kikohozi.

Mama mkwe akasema ni kimeo, akatwe. Kuna mzee hapo jirani anayevikata.

"Mama, naomba nimpeleke hospitali kwanza."

"Mwanangu, mume wako nilimkata kimeo. Si huyo hapo, mzima?"

Nilikosa jibu. Mume wangu ndiye aliyesema, "Kama ni mjini, basi alfajiri."

Muhimbili, daktari wa masikio, pua na koo alimpitisha kamera nyembamba. Kimeo kilikuwa mahali pake, hakina kosa lolote. Shida ilikuwa chini ya nyuzi za sauti: kovu, lililoachwa na ule mrija uliomwokoa. Akanichorea duara kwenye karatasi. Njia ya mtoto mchanga pale ina upana wa kama milimita 4 tu. Ikivimba milimita 1 kuzunguka, robo tatu ya nafasi imekwenda. Kukata kimeo kusingeongeza hata upana wa unywele, na damu ingemkuta mtoto ambaye tayari hewa haimtoshi.

Wakamtoboa tundu shingoni, wakaweka mrija mdogo apumulie hapo. Hakuna aliyenitayarisha kwa hili: alipozinduka alilia, machozi yanatiririka, na sauti hakuna. Hewa haipiti tena kwenye nyuzi za sauti. Nililia kwa ajili ya wote wawili.

Hatukuruhusiwa kuondoka mpaka niweze kunyonya makohozi na kubadilisha mrija ukiziba. Nyumbani kuna mashine ndogo, na nyingine ya kukanyaga kwa mguu, maana umeme wetu mnaujua. Mrija wa akiba unalala chini ya mto. Moshi ni adui, na msimu wa korosho kila ua linachoma. Mama mkwe alilihamisha jiko lake nyuma ya nyumba bila kuambiwa. Siku ya tatu akaniomba nimfundishe ile mashine. Sasa mkono wake mwepesi kuliko wangu, na usiku yeye ndiye anayeamka wa kwanza mlio ukibadilika.

Akikua kidogo, watajaribu kupanua kovu kwa puto, au wachukue gegedu la ubavuni wajengee njia. In shaa Allah ndipo mrija utolewe.

Juzi kaja jirani na mjukuu anayekohoa, anamuulizia yule mzee wa vimeo. Mama mkwe akatandika mkeka.

"Mlaze hapa," akasema. "Mfunue kifua kwanza nikione kinavyopumua."